Robert Koch: Bingwa wa Hadubini na Kambi za Ziwani Kwetu



Halmashauri ya jarida letu iliponitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, najua wengi walitazamia nichague mtawala au mwanasiasa. Nimemchagua daktari, tena mgeni: Robert Koch wa Ujerumani. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila aliyepita katika maabara yetu ya biolojia amelikuta jina lake kitabuni, lakini ni wachache wanaojua kuwa kazi yake ilifika Kiziba na visiwa vya ziwa letu, na kwamba ilifika na heri na shari kwa pamoja. Ya pili ni jambo lililonipata mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili.

Siku hiyo tulipewa kazi ya kutazama tone la maji ya kinamasi kwa hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo. Nilitazama kwa bidii zangu zote, nikaona duara la mwanga mweupe tu. Basi nikaandika katika daftari langu kuwa hamna kitu. Mwalimu hakunigombeza. Alishika kijiti kidogo kilicho chini ya meza ya hadubini, akapunguza mwanga uliokuwa ukipanda, kisha akaniagiza nitazame tena. Mle mle mlimokuwa hamna kitu nikamwona kiumbe mwenye umbo la kandambili akipita mbio, mwili wake kama kioo. Alikuwamo tangu mwanzo. Nilikuwa nimeandika uongo bila kukusudia, kwa sababu tu kiumbe yule hakuwa na rangi.

Wazee husema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye hadubini hata mwenye macho hana budi kuambiwa, maana karibu kila kilicho hai na kilicho kidogo sana ni kiangavu: hupitisha mwanga kama kioo au maji. Koch alitumia maisha yake kutafuta namna ya kuviona vitu hivyo na kuwaonyesha wengine. Ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

UTOTO NA MASOMO

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika Clausthal, mji mdogo wa machimbo ya madini katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo hayo, na watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo walikuwa 13. Husimuliwa kuwa alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaeleza kwamba amekwisha kujifundisha kusoma kwa kutumia magazeti ya nyumbani.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akahitimu udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa akishikilia kuwa magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo. Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha jambo hilo. Kazi hiyo aliirithi mwanafunzi wake.

DAKTARI WA WILAYA

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakapata binti, Gertrud. Alitumika katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870, kisha mwaka 1872 akapewa kazi ya mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wolsztyn. Mimi niliye mtumishi wa Serikali hupendezwa sana na sehemu hii ya maisha yake. Hakuwa profesa wala hakuwa na maabara. Kutwa alitibu watu na kutimiza kazi za ofisi ya wilaya, na katika chumba chake cha kupokelea wagonjwa alitundika pazia. Mbele ya pazia walikaa wagonjwa. Nyuma yake aliweka hadubini yake na panya wake.

Wilaya ile ilisumbuliwa na kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na kondoo, na mara nyingine wachungaji wao. Wataalamu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini malisho yaliyokaa miaka bila mnyama mgonjwa bado yaliua. Koch alichukua majimaji maangavu ya ndani ya jicho la ng'ombe, akatia humo kipande kidogo mno cha wengu wa mnyama aliyekufa, akalitundika tone hilo chini ya kioo chembamba ili lisikauke. Kisha akatazama saa baada ya saa. Vijiti vilirefuka vikawa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea chembe za mviringo zilizometameta. Hizo zilikuwa mbegu za ugonjwa, zenye uwezo wa kukaa udongoni miaka mingi na kuamka tena katika mwili wa mnyama.

Msomaji aliweke jambo hili akilini. Chembe zile hazikuwa na rangi yoyote. Koch alizitambua kwa kuwa mwanga ulipinda zaidi ulipozipita kuliko ulipopita katika maji yaliyozizunguka, kama vile kipande cha chupa ndani ya maji safi kinavyojulikana kwa kumeta kwa kingo zake.

Mwaka 1876 alifunga safari kwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya viumbe hivyo. Hakwenda na maneno matupu. Alichukua vifaa vyake na panya wake, akarudia majaribio yote mbele ya maprofesa. Mganga wa wilaya aliyekuwa hajulikani alirudi nyumbani akiwa mtu mashuhuri.

RANGI, LENZI NA PICHA

Vijiti vya kimeta ni vikubwa kwa kadiri ya bakteria. Vilivyo vingi ni vidogo zaidi, na vikiwa ndani ya nyama ya mwili hupotea kabisa katikati ya mistari na vivuli vya nyama yenyewe. Hapo Koch alitumia mbinu tatu.

Ya kwanza ilikuwa rangi. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimeanza kutengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na wataalamu waligundua kuwa baadhi ya rangi hizo hushika katika bakteria kuliko katika nyama. Ya pili ilikuwa lenzi mpya za kiwanda cha Zeiss mjini Jena, zilizobuniwa na mwanafizikia Ernst Abbe. Lenzi hizo zilitumika na tone la mafuta kati yake na kioo, na chini ya meza kulikuwa na kikusanya mwanga. Koch alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuvitumia vifaa hivyo kutafuta vijidudu vya magonjwa. Aling'amua kuwa akiufungulia mwanga mwingi kutoka kila upande, vivuli vyote vya nyama hufutika na kubaki rangi peke yake. Mwalimu wetu alifunga mwanga ili kivuli cha kitu kisicho na rangi kionekane. Koch aliufungua ili vivuli vipotee na kitu chenye rangi kibaki. Mwenye kuelewa mambo hayo mawili ameelewa nusu ya elimu ya hadubini.

Mbinu ya tatu ilikuwa picha. Mwaka 1877 alichapisha picha za kwanza za bakteria zilizopigwa kwa kamera. Aliona kuwa mchoro wa mkono huchorwa na mtu mwenye imani zake, naye huweza kuchora anachotumaini kukiona. Picha huwapa wengine nafasi ya kuhukumu wenyewe.

Hata hivyo rangi ilikuwa na bei yake. Kitu hutiwa rangi baada ya kukaushwa juu ya kioo na kupitishwa motoni. Mwenye kutiwa rangi ni maiti, tena maiti aliyelazwa chapa. Koch alijua vizuri hasara hiyo, na ndiyo sababu hakuliacha lile tone lake la kuning'inia.

KIFUA KIKUU

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola, akapata maabara na wasaidizi. Katika miaka ile, kwa hesabu za Ulaya, mtu mmoja kati ya kila saba alikufa kwa kifua kikuu, na wengi waliamini kuwa ugonjwa huo hurithiwa. Bakteria wake ana ngozi ya nta inayokataa rangi. Koch alijaribu rangi hii na ile, akabadilisha joto na muda, mpaka vijiti vyembamba vya buluu vikajitokeza mahali ambapo wote waliomtangulia hawakuona kitu. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alieleza habari hizo mbele ya wanachama wa Chama cha Fiziolojia cha Berlin, akawawekea hadubini zenye slaidi ili kila mtu aone kwa jicho lake. Ndiyo maana tarehe 24 Machi huadhimishwa ulimwenguni kote kuwa Siku ya Kifua Kikuu.

Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, waliboresha njia yake ya kutia rangi, na kwa zaidi ya miaka 100 njia hiyo ndiyo iliyotumika kupima makohozi katika mahospitali ya ulimwengu. Watu wa Bukoba na Muleba waliopimwa kifua kikuu kwa hadubini walipimwa kwa elimu iliyoanzia jioni ile.

Mwaka 1883 alikwenda Misri, kisha Calcutta, na mwaka 1884 akamtambulisha bakteria wa kipindupindu. Kisha akateleza. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, akaificha siri ya namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila nchi. Dawa hiyo, iliyoitwa tuberkulini, haikuponya, na baadhi ya waliodungwa walikufa. Baadaye ilikuja kufaa kwa kupimia maambukizo, lakini heshima ya Koch ilikuwa imepata doa. Mtu aliyewafundisha wenzake wasiamini mpaka waonyeshwe alitaka safari hii aaminiwe bila kuonyesha. Naomba msomaji akumbuke hilo tutakapofika ziwani.

AFRIKA NA KIZIBA

Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta kinga ya sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe wa Afrika katika miaka ile. Mwaka 1897 alikuwa India kuchunguza tauni, na kutoka huko akaja Dar es Salaam, ambako alifanya kazi juu ya malaria na magonjwa ya mifugo.

Hapo ndipo jina la nyumbani kwetu lilipoingia katika maandishi yake. Zilimfikia habari za ugonjwa wa kuua huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ambao wenyeji waliuita rubwunga. Daktari wa jeshi aitwaye Zupitza alikwenda huko, akapeleka pwani sehemu za miili ya waliokufa. Koch alizitazama kwa hadubini akawaona bakteria wa tauni, na mwaka 1898 akatangaza kuwa Kiziba ni mojawapo ya makao ya kudumu ya tauni duniani. Haifai tusahau kuwa wazee wa Kiziba walikuwa wamekwisha kuutambua ugonjwa huo na kuupa jina. Hadubini ilionyesha kiumbe kiuletacho. Ugonjwa wenyewe haukugunduliwa na hadubini.

Alirudi tena nchini mwaka 1905, akathibitisha kuwa homa ya papasi huletwa na papasi wanaojificha katika sakafu za vibanda vilivyo kando ya njia za misafara, na kuwa papasi mama huambukiza hata mayai yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

SESE NA KIGARAMA

Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliwafagia watu wa kandokando ya ziwa huko Uganda. Makadirio ya kawaida ni kuwa watu 250,000 au zaidi walikufa katika Busoga na Buganda kati ya mwaka 1900 na 1920. Mwaka 1903 ilikwisha kujulikana kuwa ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma na kwamba mbung'o ndiye anayekichukua. Serikali ya Ujerumani ilihofu kuwa ugonjwa utavuka mpaka na kumaliza nguvukazi yake. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vikiendelea kusini, ilimtuma Koch pamoja na msafara wa madaktari. Upande wa Mwanza hawakupata wagonjwa wengi, kwa hiyo wakahamia visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, wakapiga kambi katika kisiwa cha Bugala.

Namna walivyomtafuta mgonjwa ni habari ya kuangalia. Malale hufanya tezi za shingo zivimbe. Daktari alipapasa shingo, akaichoma tezi kwa sindano, akaliweka tone la majimaji yake juu ya kioo bila kulitia rangi. Humo tripanosoma haonekani vizuri, maana ni mwangavu. Kinachoonekana ni seli za jirani zikisukwasukwa, na mtazamaji hufuata msukosuko huo mpaka amwone mwenyewe akijikunja. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya keekee, ile ya kutobolea mbao, naye alipewa na mtaalamu Gruby mwaka 1843, mwaka aliozaliwa Koch.

Dawa aliyoitumaini Koch iliitwa atoksili, nayo ilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Alidunga nusu gramu siku mbili mfululizo, akarudia kila baada ya siku kumi. Matokeo ya kwanza yalifurahisha. Tripanosoma walitoweka kwenye kioo, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka waliinuka. Habari zilienea, na wagonjwa walikuja kwa mitumbwi kwa hiari yao wenyewe. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Koch akaongeza dawa, mpaka gramu nzima. Wagonjwa walipata maumivu makali, kizunguzungu na kuumwa tumbo, na wengine walikimbia wasirudi. Mwishowe wengine walianza kupoteza macho. Yeye mwenyewe aliripoti watu 22 waliopofuka kabisa.

Ninapofika hapa huweka kalamu chini kidogo. Mtu aliyewapa wanadamu macho ya kuona visivyoonekana aliwaacha watu 22 wa ziwa letu gizani. Twamjua yeye kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Wao twawajua kwa hesabu tu.

Mwaka 1907 kazi ilihamia upande wetu. Katika Kiziba waligunduliwa watu waliorudi na ugonjwa kutoka Uganda walikokwenda kutafuta kazi. Kambi ilifunguliwa Kigarama, chini ya daktari Robert Kudicke, mmoja wa wasaidizi wa Koch. Vijana wa huko walifundishwa kupapasa tezi za shingo, wakazunguka vijijini wakitafuta wagonjwa kwa ncha za vidole. Katika vitabu vingi vya historia ya tiba vijana hao hawatajwi, lakini bila mikono yao hadubini ya Kigarama isingekuwa na cha kutazama. Dawa ilikuwa ni ileile atoksili. Kila mmoja alipima mwenyewe kama sindano ile inafaa kuvumiliwa, na wengi waliojisikia nafuu walijiondokea.

Koch alirudi Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1907. Alipendekeza kuwa wenye vijidudu watengwe kambini, vichaka vya pwani vifyekwe, na mamba wauawe kwa kuwa mbung'o walinyonya damu yao. Msaidizi wake mwingine, Friedrich Karl Kleine, alibaki ziwani, na mwaka 1909 akathibitisha kuwa tripanosoma hukua ndani ya mwili wa mbung'o kwa siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Koch mwenyewe alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 akiwa na umri wa miaka 66. Chuo cha utafiti alichokiongoza mjini Berlin kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

HADUBINI BAADA YAKE

Koch alikufa bila kupata njia nzuri ya kukiona kitu kiangavu kikiwa hai. Njia hiyo aliifungua Mholanzi Frits Zernike katika miaka ya 1930, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Msingi wake ni kwamba mwanga hupunguza mwendo unapopita katika kitu kizito kuliko maji. Mwanga uliopita ndani ya seli huchelewa kidogo nyuma ya mwanga uliopita kando yake. Jicho halioni kuchelewa. Huona tofauti ya rangi na ya mwanga mwingi au haba tu. Zernike alitengeneza kioo kinachogeuza kuchelewa kule kuwa kivuli, na seli hai ikaonekana bila tone la rangi. Mwaka 1947 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alibuni holografia, yaani njia ya kuandika kwenye filamu wingi wa mwanga na kuchelewa kwake kwa pamoja. Naye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 1971.

Leo kazi hiyo imepewa kompyuta. Hadubini za namna hii huimulika seli kutoka pembe nyingi, moja baada ya nyingine, mathalani kwa kutumia taa ndogo nyingi zilizopangwa chini yake. Kila pembe hutoa picha yake. Ukimtazama mtu mbele ya moto humjui unene. Mzunguke ukimtazama kila upande, utajua umbo lake lote. Vivyo hivyo kompyuta hupiga hesabu kutokana na picha zote, ikapata ni wapi ndani ya seli mwanga ulichelewa na kwa kiasi gani, kisha ikaijenga seli nzima kwa urefu, upana na kina. Mwanafizikia Emil Wolf alionyesha hesabu za jambo hilo mwaka 1969. Kompyuta zenye nguvu na kamera bora zilikuja baadaye. Kwa mbinu za jamii hiyo wataalamu wamekwisha kuwafuatilia jamaa wa tripanosoma wakiogelea huku na huko, juu na chini, wakiwa hai na bila kutiwa rangi.

Msomaji ataona kuwa huku ni kurudi kwa kijana wa Wollstein. Zile chembe zilizometa katika tone la jicho la ng'ombe alizijua kwa jinsi zilivyoupinda mwanga. Jambo hilohilo sasa hupimwa kwa hesabu.

Lakini nitoe tahadhari moja kwa vijana. Picha ya namna hii haikuingia kwenye kamera kama ilivyo. Ni jibu la hesabu, na hesabu yenye dhana mbovu hutoa jibu bovu lenye sura nzuri. Yule Koch aliyeona kuwa mchoro hufuata imani ya mchoraji angeuliza hapo kompyuta imeambiwa iamini nini. Tuulize na sisi.

TUJIFUNZE NINI

Nimesoma sayansi Chuo Kikuu, lakini mkate wangu nimeupata katika mafaili. Najua ripoti ilivyo. Mtu huingia humo akiwa na jina, na ripoti inapofika juu amekuwa tarakimu. Naamini hilo ndilo lililotokea Bugala. Koch alitazama kioo, akaona vijidudu vimetoweka, akaandika kuwa dawa inafanya kazi. Na kioo hakikudanganya. Lakini mgonjwa aliyeshika kichwa na kusema anazunguka, na yule aliyetoroka usiku, nao walikuwa wakitoa ushahidi. Ushahidi wao haukupimwa kama ule wa kioo. Walikuwa mbele yake kama kiumbe wangu wa kinamasi: wapo, na mwanga unawapita.

Simwandiki Koch ili achukiwe. Bila yeye tungali tukidhani kifua kikuu ni urithi wa ukoo. Wala simwandiki ili asujudiwe. Malale yenyewe hatimaye yalipata dawa za vidonge, fexinidazole, iliyokubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwaka 2018, na ilipatikana kwa majaribio ambamo wagonjwa waliulizwa kwanza na kuangaliwa hadi mwisho. Huo ndio urefu wa njia kutoka Kigarama.

Ndugu zangu wa zamani mlio Bukoba, Muleba na kwingineko, wakati wa mkutano wetu tupiteni maabara. Tuangalie hadubini ngapi bado zina lenzi nzima na kioo kisicho na ukungu, na tuchange kwa kadiri ya uwezo wetu. Kwenu wadogo zetu, nina ombi dogo. Siku mtakapotazama tone la maji msione kitu, msiandike haraka kuwa hamna kitu. Punguzeni mwanga, zungusheni skrubu polepole, mtazame tena. Na ikiwa siku moja mtakuwa madaktari au maofisa, fanyeni vivyo hivyo kwa mtu aliyekaa mbele ya meza yenu.